Fundi Aliyevaa Kanga ya Bibi

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta zipu ya begi, nikakatiza kichochoro kimoja karibu na Mtaa wa Mchikichi, pua ikasimama kabla ya miguu. Umeme ulikuwa umekatika. Fundi mmoja, kijana tu, alikuwa ametoa pasi ya mkaa, sijui aliirithi wapi, akanyunyizia maji suruali ya kitambaa kizito na kuikandamiza. Ule mvuke uliopanda, wenzangu wa rika langu mnaujua: nguo mbichi, mkaa, na kwa mbali mafuta ya cherehani. Nikabaki nimesimama hapo kama niliyesahau njia ya kwetu.

"Mama, una nguo?" kijana akaniuliza.

"Sina, mwanangu. Napumzika tu."

Akanivutia stuli. Kabla sijakaa nikaipigapiga kwa kiganja. Akacheka, akaniuliza kama ilikuwa na vumbi. Nikamwambia hapana, ndivyo tunavyokaa kwetu, tunamfukuza kwanza shetani aliyekaa kabla yetu. Alinitazama kwa heshima, kumbe nilikuwa namdanganya nusu. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akikaa hivyo. Au labda si Bibi, ni fundi wake. Miaka mingi sasa sijui ni yupi, na nilipokuwa nimekaa kwenye stuli ile nikaona afadhali niandike kisa chenyewe kabla hicho nacho hakijanichanganya.

Watu wanajua naandika hadithi, kwa hiyo swali sikosi: haya mambo yalitokea kweli? Wasomaji vijana huuliza kwa adabu. Wa rika langu hawana adabu hiyo, wao hunishika mkono msibani na kuninong'oneza, yule mwanamke wa kwenye kitabu chako si ni fulani wa Mtaa wa Sikukuu? Mimi hujibu kulingana na nilivyoamka siku hiyo. Leo nimeamka vizuri, basi nitajibu vizuri.

Nyumba yetu, Mtaa wa Mchikichi huo huo, ilikuwa ya Bibi, mama yake Mama. Nyumba ya Kiswahili kama zile zote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani bomba, jiko na choo, mbele baraza ya saruji iliyosuguliwa na makalio ya watu mpaka ikang'aa. Leo pamesimama ghorofa, chini wanauza masanduku ya kusafiria. Bibi aliitwa Bi Tatu, Mzaramo wa kuzaliwa na wa kujisifia. Baba alikuwa mwalimu, amepelekwa kijiji cha ujamaa mbali huko, tulimwona likizo hata likizo. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake: Bibi, Mama, dada yangu Zuhura, na mimi, kitindamimba mwenye masikio makubwa.

Chumba cha mbele alipanga Fundi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Cherehani yake ilikaa barazani kuanzia asubuhi hadi adhana ya magharibi. Miaka ile kitambaa kilikuwa hakipatikani hovyo, na kazi yake kubwa haikuwa kushona nguo mpya, ilikuwa kuzirudisha za zamani duniani. Watu walimletea mashati yaliyochakaa shingoni. Alifumua kola, akaigeuza, upande ulioliwa na jasho ukaingia ndani na upande mzima ukatoka nje, akaishona tena. Mwenye shati alikwenda nalo kazini Jumatatu akiwa bwana mpya. Nilipenda kumtazama akifumua, ila nilikuwa namtazama kwa kujificha, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba mtu yule anataka kumuua bibi yangu.

Hakika hiyo niliipata kwa masikio yangu mwenyewe. Kila kulipokucha Bibi alitoka na kikombe chake, akasimama mlangoni na kumwita.

"Mtumwa wangu, umeamka?"

"Nimeamka, mtumwa wangu," Fundi alijibu bila kuinua macho. "Nilitega sikio usiku kucha nikidhani nitasikia kilio humo ndani, nipate pilau. Naona bado upo."

"Nipo, nakusubiri utangulie. Nitakuzika na hicho kicherehani chako ukibebe kichwani, maana nyie kwa mizigo hamjambo."

"Sisi tulibeba mizigo tukafika. Nyie mlikuwa mmekaa hapa mnapiga ngoma. Mzaramo akivuna gunia moja, anacheza ngoma ya magunia mawili."

"Na babu yako alipofika hapa akaiona bahari, akauliza nani kayamwaga maji yote haya."

Hapo Fundi alikuwa akisimamisha gurudumu kwa kiganja, akimtazama Bibi sawasawa, na kusema lile neno lililoninyima usingizi. "Siku ukifa, Bi Tatu, mimi ndiye nitakayecheka wa kwanza. Nitavaa kanga zako, nitakaa pale pako, na hakuna atakayenitoa."

Bibi alikunywa funda la chai na kusema haya, tutaona. Kisha akaingia ndani ametulia kabisa, kana kwamba ametakiwa heri.

Ninyi mnacheka kwa sababu mnajua. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani anakutukana na humwekei kinyongo, anachukua kuku wako na humshitaki, na ukifiwa ndiye anayeingia kushika kazi. Watu wazima wote wa mtaa ule walilijua hilo kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto. Mtoto akisikia "siku ukifa" anasikia siku ukifa. Nilipomwona Fundi anainoa mikasi yake kwenye ukingo wa baraza, nilikwenda kukaa mlangoni kwa Bibi mpaka aliponifukuza.

"Wee mtoto wee. Unakwenda wapi na miguu hiyo?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwangu, kila siku, hata nikiwa nimekaa. Miguu yangu ilikuwa na vumbi wakati wote, naye alisema hivyo kama mtu mwenye miguu mingine safi ndani ya kabati.

Halafu ikaja asali. Fundi alikwenda kwao kwa treni akarudi na chupa ya asali ya Tabora, nyeusi, nzito, mdomo umezibwa kwa gunzi. Akampa Bibi mbele yetu. "Chukua, mtumwa wangu, usije ukasema nimekunyima." Sukari nyakati zile ilikuja pale balozi wa nyumba kumi alipopita kutangaza, na ilipokuja haikukaa. Bibi akaanza kutia asali ile kwenye chai yake ya mkandaa, isiyo na maziwa, kijiko kimoja asubuhi na kingine alasiri. Mimi nilisimama mbele yake nikitazama kikombe kinavyopanda mdomoni, machozi yananilengalenga.

"Bibi, usinywe."

"Kwa nini?"

"Chungu."

Akaonja, akalamba mdomo. "Ulimi wako ndio mchungu," akasema, na Zuhura akacheka mpaka akaanguka juu ya ndoo.

Nikabaki peke yangu na siri yangu. Silaha niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: nilimnyima Fundi shikamoo. Katika nyumba yetu kumpita mtu mzima bila kumwamkia lilikuwa kosa la fimbo, lakini mimi nilipita barazani nimegeuzia uso ukutani, kimya. Hakunisemea hata siku moja. Nilipompita tu, aliinua sauti mtaa mzima usikie: "Marahaba, mjukuu wa mtumwa wangu. Marahaba." Nilichukia jambo hilo kuliko kuchapwa.

Bibi alifariki wakati wa masika, asubuhi, maji yamejaa mtaani. Mama alisema ni presha. Mimi nilijua ni asali. Wanaume walimchukua alasiri ile mvua ilipopunguza, na wanawake walibaki uani chini ya turubai. Majirani walikuwa wamekuja kila mmoja na alichonacho, huyu kibaba cha mchele, yule sukari kidogo kwenye karatasi, na sufuria la ugali wa unga wa njano lilikuwa jikoni. Mama alilala kwenye mkeka ameelekea ukuta. Alikuwa hajala wala hajanywa, hajasema neno tangu asubuhi, na mashangazi walikuwa wakinong'ona kwamba huyu sasa atatuletea msiba wa pili.

Wanaume waliporudi mazikoni, akatokea yeye, Fundi, kwenye mlango wa ukumbi.

Alikuwa amejifunga kanga ya Bibi kiunoni juu ya suruali na nyingine kichwani, ile yenye korosho nyekundu. Mkononi fimbo ya Bibi. Akaja anaburuza mguu wa kulia, mdomo wa chini ameutanguliza, akasimama mbele ya mbuzi ya nazi ya Bibi, ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa siku ile. Akaipigapiga kwa kiganja. Akaketi, akashusha pumzi ndefu ya mtu mwenye magoti mabovu.

"Kuna nini humu?" akauliza, na sauti ilikuwa ya Bibi, ile ya kukwaruza, inayoanzia puani. "Nimeondoka kidogo tu naambiwa kuna watu wengi kwangu. Nani kawaita? Na huo ugali nani anasonga? Mbona nausikia una mabuja kutoka kaburini?"

Mwanamke mmoja alipasua kicheko akakifunika kwa kanga. Mwingine naye. Fundi akainua fimbo akaniona nimesimama kando ya pipa la maji.

"Wee mtoto wee. Unakwenda wapi na miguu hiyo?"

Uani pote wakacheka, na nilipogeuka nikamwona Mama amekaa. Amekaa, anacheka, mabega yanatikisika. Sikuweza kuvumilia zaidi. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Ni yeye amemuua. Alimpa asali."

Nyuso zote zikanigeukia. Nilimwona Fundi Maganga mwenyewe, si Bibi, akitokeza usoni mwake kwa kitambo, mzee mwenye macho mekundu ambaye alikuwa amelia njia nzima ya mazikoni. Kisha akajirudisha, akatanguliza mdomo.

"Asali ya huyu Mnyamwezi?" akasema kwa sauti ya Bibi. "Ingekuwa inaua ningekufa zamani, nikamwachia nani kazi ya kumtukana?"

Mama alicheka mpaka kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio kile ambacho walikuwa wakikingoja tangu asubuhi. Mashangazi wakamshika. Jioni ile alikunywa uji. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbilia uvunguni mwa kitanda cha Bibi, kwenye harufu ya ugoro na udi, na humo ndimo Mama alimonikuta alipoingia nusu mwili kunitafuta.

"Yule ni mtani wetu," akaniambia.

"Mtani ndiyo nini?"

Alilalia kiwiko vumbini. "Ni mtu aliyeruhusiwa."

"Ameruhusiwa nini?"

"Kucheka mahali ambapo sisi hatuwezi kuanza."

Nilimsikia, lakini kusikia si kusamehe. Niliendelea kupita barazani nimegeuzia uso ukutani, na yeye akaendelea na marahaba zake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Baada ya matanga nyumba ilitulia, na siku moja nimelala kwenye kitanda cha Bibi nikataka kumsikia akisema lile neno lake la miguu. Maneno yalikuja. Sauti haikuja. Nikayasema mwenyewe, yakatoka kwa sauti yangu, nyembamba, ya mtoto. Nikajaribu tena nikiwa nimefumba macho. Picha yake haikuwepo, maana Bibi hakukubali kupigwa, alisema picha inakausha uso. Nikajaribu uso wake, nikaona kanga na chini ya kanga hapana kitu. Hofu iliyonishika sijawahi kuipata tena, hata nilipokuja kufiwa na watu wengine ukubwani. Kufa kwake nilikuwa nimekuona kwa macho, kulikuwa na watu na turubai. Kuondoka huku kwa pili kulikuwa ndani yangu mimi, kidogo kidogo, na hapakuwa na wa kuniletea sukari kwenye karatasi.

Nikamwuliza Mama, sauti ya Bibi ilikuwaje? Akasema ya kawaida tu, mwanangu. Nikamwuliza Zuhura, akasema ilikuwa kubwa. Nilikasirika nao wote wawili.

Ikafika arobaini. Khitma ikasomwa, watu wakala, na walipokwisha kunawa Fundi akatokea tena na kanga yake yenye korosho. Safari hii sikusimama kando ya pipa. Nilikaa chini mbele kabisa. Alipofungua mdomo na ile sauti ya kukwaruza ikatoka, nilihisi kitu kimerudi mahali pake kifuani, na uso nao ukaja chini ya kanga, mdomo, kidevu, ile alama ya ndui karibu na sikio ambayo Fundi hakuwa nayo. Nililia kwa furaha. Watu wakadhani nalia kwa huzuni, wakanipa tende.

Kesho yake nilikwenda barazani nikasimama mbele ya cherehani.

"Shikamoo, Babu."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto. "Marahaba. Hiyo ni ya leo tu, au na zile za nyuma zote?"

"Zote. Babu, fanya Bibi."

"Fanya Bibi? Bibi ni chapati?" Akarudisha macho kwenye kola yake. "Mimi ni fundi. Fundi hashoni hewa. Lete kitambaa."

Sikuelewa. Akanielewesha kwa njia yake. Kila nitakapotaka Bibi, nimletee kwanza kitu chake kimoja ambacho yeye Fundi hakijui, maana yeye alimjua Bibi wa barazani tu, na Bibi wa ndani ninaye mimi. Siku ya kwanza nikamwambia, Bibi alikuwa mpole. Akatikisa kichwa. "Hicho hakishoneki." Nikasema alikuwa ananipenda. "Kizuri, lakini hakishoneki. Alipokuwa anakuna nazi, macho yake yalikuwa wapi?"

Nikaondoka na swali hilo. Nililala nalo, nikaenda nalo shule, nikaulizwa jedwali la saba nikajibu mambo mengine. Kisha jioni moja nimekaa uani Mama anakuna nazi, nikakumbuka. Bibi hakutazama nazi. Alitazama mlango wa ukumbi, aone nani anaingia, na mikono ilikwenda yenyewe, hakujikata hata siku moja. Nilikimbia mpaka barazani kumwambia. Fundi akaacha kushona, akageuza shingo polepole akautazama mlango, mikono ikizunguka na nazi isiyokuwepo, na Bibi akawa pale, mchana kweupe, Mtaa wa Mchikichi.

Tuliendelea hivyo mpaka kiangazi kikaisha. Nikawa mtoto wa kutazama watu, maana nilikuwa nimeingiwa na woga kwamba wengine nao wataondoka kabla sijajua macho yao hukaa wapi. Mama aliniambia niache kumtumbulia macho akila.

Siku moja Fundi akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Nyakati zile duka la ushirika likisikika limepata sukari au sabuni, watu walipanga foleni kwa mawe. Uliweka jiwe lako tangu alfajiri ukaenda zako, na jiwe likakushikia nafasi. Kila mtu alilijua la mwenzake. Letu lilikuwa kipande cha tofali chenye chokaa upande mmoja, na aliyelipeleka alikuwa Zuhura au Mama, kwa sababu miguu ya Bibi haikuweza kufika dukani. Basi alasiri ile Fundi akaifunga kanga na, hapo hapo barazani, kumpeleka Bibi kwenye foleni. Akapita naye kwenye mstari wa mawe, akiyasalimu moja moja kwa majina ya wenyewe. "Na wewe jiwe la mwenyekiti, hujambo? Mbona umenenepa, wewe unga unaupata wapi?"

Nilicheka, lakini roho haikunipa kunyamaza. "Babu, Bibi hakuwahi kwenda foleni."

Alirudi kwenye cherehani, akashona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema. "Angekwenda, angesemaje?"

Nakumbuka niliyatazama mawe ambayo hayakuwepo. Nikamtafuta Bibi, si kwa nyuma alikokuwa, bali hapo mbele, ambapo hajawahi kufika. Nikamwona anaburuza mguu, amechoka, jua la saa sita, mstari mrefu. Nikatanguliza mdomo wa chini. "Nyie mawe sogeeni nikae," nikasema. "Mie naumwa miguu, na nyie hata miguu hamna."

Ilikuwa sauti yake. Haikutoka kwa Fundi, ilitoka kwangu, ya kukwaruza, kutoka puani. Fundi aliweka mkasi chini. Hakucheka mara moja. Kwanza alinitazama kama anavyotazama kola aliyoigeuza, kuona kama mshono umekaa. Halafu akacheka mpaka wapita njia wakasimama, nami nikacheka naye, na tangu siku ile hofu ya kumpoteza Bibi ilinitoka kabisa.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa wanaouliza kama yalitokea kweli. Nakaa mezani na kitambaa kilichochakaa. Sehemu kubwa kimeliwa, mwingine ningekitupa. Nakifumua, nakitazama upande wa pili, na ninapofika mahali ambapo kumbukumbu imeisha, najiuliza lile swali la Fundi. Swali zuri zaidi sijafundishwa na mtu, na nimesoma kwa walimu wengi. Ila nikiri kwamba mishono siioni tena. Lile la kupigapiga kiti, ni Bibi alilifanya, au Fundi alilibuni siku ya msiba nikalipokea? Zuhura hanisaidii. Yeye sasa ana wajukuu, na anawasimulia jinsi bibi yao mkubwa alivyokwenda foleni akayatukana mawe.

"Dada, hakwenda," nilimwambia mara moja.

"Wewe ulikuwa mdogo," akanijibu. "Mimi nilikuwepo. Nilimshika mkono."

Zamani mambo haya yalinisumbua. Siku hizi nakula chakula cha Zuhura, namsikiliza anavyosimulia, na naona Bibi ana afya njema.

Fundi Maganga macho yalipomwisha alihamia Buguruni kwa binti yake, Kalunde. Nilikuwa nakwenda kumsalimu, namwita mtumwa wangu, ananiita mtumwa wake. Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nimekwisha kutoa kitabu cha kwanza. Tukaenda na Zuhura. Ulikuwa msiba wa kisasa, viti vya kukodi vimepangwa, kisomo kinatoka kwenye spika. Watu walikuwa wapole mno. Kalunde alikaa kwenye mkeka amekauka, uso mkavu, anajibu pole kama mtu anayejibu simu, na shoga zake wakanitazama kwa wasiwasi ule ule niliowahi kuuona kwa mashangazi. Nikageuka huku na huku kutafuta Mzaramo aliyenizidi umri. Hapakuwa na mtu. Zuhura akanisukuma ubavuni.

"Ni wewe," akasema.

Kuandika ni rahisi, unafanya umejifungia. Nikainuka nikaingia chumbani kwake. Futi yake ya kupimia nguo ilikuwa inaning'inia msumarini, miwani yake yenye uzi mezani. Nikaivaa futi shingoni, nikaweka miwani kwenye ncha ya pua, nikabana midomo kama iliyojaa pini. Nikatoka. Nikamwendea shangazi mmoja mnene nikampima mabega bila kumwomba ruhusa. Nikatikisa kichwa.

"Sanda hii nani kaikata?" nikauliza, na sauti ilikuwa ile ya chini, ya taratibu, ya Tabora. "Mnanipeleka mbele za watu sijapigwa pasi? Kule yuko Bi Tatu, amesimama mlangoni na kikombe chake. Mnataka aseme nini akiniona na mikunjo hii? Nirudisheni. Naigeuza upesi, kisha naenda."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa shangazi mnene. Kalunde aliinua uso. Alinitazama usoni, nikadhani nimekosea. Kisha akacheka, akajifunika kanga usoni, akalia ndani yake kwa sauti, na shoga zake wakasogea kumshika.

Baadaye, nilipokuwa nairudisha futi msumarini, alikuja nyuma yangu akanishika bega. "Baba hakuwahi kusema maneno yale," akasema. "Lakini ndiye."

Nilipotoka nje niondoke, mjukuu wa marehemu, binti mdogo wa Kalunde, alikuwa amesimama mlangoni. Amekunja mikono, macho mekundu, amenivimbia. Nilipomkaribia aligeuzia uso ukutani asiniamkie. Mama yake alitaka kumgombeza, nikamzuia kwa mkono. Nilijua atakuja kunitafuta, si leo, labda arobaini, na nilijua nitamwuliza macho ya babu yake yalikuwa yanakaa wapi. Nikampita taratibu, nikainua sauti mtaa mzima usikie.

"Marahaba, mjukuu wa mtumwa wangu," nikasema. "Marahaba."